Jicho Moja la Koplo Adriko

Siku ya kuniaga kazini walinipa keki, shuka mbili na swali. Swali lilitoka kwa muuguzi mmoja kijana mwenye mdomo mwepesi. "Sista Rehema, wewe umesainisha watu wote hawa. Fomu yako iko wapi?" Watu wakacheka. Nikajifanya muziki umenizidi, nikaendelea kula keki. Ukweli ni kwamba fomu yangu ilikuwa nyumbani chini ya godoro, imejazwa nusu, na ilikuwa imekaa hapo karibu mwaka mzima. Sasa nimestaafu, miguu inavimba kila jioni, na muda wa kujibu ninao. Jibu lenyewe ni refu kidogo, mnivumilie.

Nilizaliwa kambi ya polisi hapa Kampala. Baba alikuwa sajini, Mwislamu wa kutoka Arua, na mama Mkatoliki wa huko huko. Jirani wa kulia alikuwa Mwacholi, wa kushoto Mteso, na mkubwa wa kambi aliwafokea wote kwa Kiswahili. Ndiyo maana naandika kwa lugha hii. Kilugbara changu kinatosha kuombea maji ya kunywa, na Kiganda changu ni cha sokoni.

Wodi ya macho niliingia nikiwa binti mwembamba mwenye viatu vya kuazima. Aliyenipokea ni Sista Nabirye, Msoga mfupi aliyekuwa akitembea kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Asubuhi ya kwanza alinipa tochi ndogo ya kalamu na kunituma kwa mzee mmoja aliyefungwa bandeji macho yote. Nikamshika kidevu nimgeuze. Mzee akaruka, akanipiga kofi la uso, na tochi ikaanguka ikavunjika. Nilitegemea Sista Nabirye amkemee yule mzee. Akanikemea mimi.

"Huyu haoni," alisema. "Kwake mkono wako umetoka hewani. Kabla hujagusa, sema. Mwambie mkono unatokea upande gani."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu. Mengine yote, kupima kwa chati ya herufi, kuosha kope kwa pamba kutoka ndani kwenda nje, kuweka matone bila kumgusa mtu kope kwa ncha ya chupa, niliyajifunza mbele ya safari. Lakini lile la mkono nililisema mara elfu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka wanangu nyumbani wakawa wananiigiza nikiwapangusa pua.

Miaka ikaenda. Sitawachosha na vyeo. Nitawaambia tu kuhusu konea, maana ndiyo iliyonizeesha. Konea ni ule utando angavu ulio mbele ya jicho, kama kioo cha saa ya mkononi. Ukikwaruzwa au kuungua, unaota kovu jeupe, na mtu anaishi nyuma ya kovu hilo kama anayechungulia kupitia karatasi ya kaimati yenye mafuta. Dawa yake ni moja tu, konea ya mtu mwingine aliyekufa. Kwa miaka mingi zilikuwa zikija kwa ndege kutoka ng'ambo, ndani ya boksi la barafu, chache kuliko samaki wa Ijumaa Kuu. Kisha sheria ikaruhusu watu wa hapa wapeane, hospitali yetu ikatenga chumba, ikanunua friji, ikaajiri mafundi wawili wa kutoa, na ikatafuta mtu wa kwenda kuomba familia. Wakaniteua mimi. Sababu waliyotoa ni kwamba najua kuongea na watu. Nilikuwa nimebakiza miaka minne nistaafu, na nilikuwa nimechoka tayari.

Walituita semina ya siku mbili, yenye soda na karanga, wakatupa fomu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa saini, umeandikwa "ndugu wa karibu". Nakumbuka niliutazama ule mstari nikaona ni mfupi. Lakini karanga zilikuwa zinaisha.

Kuomba macho ya maiti si kazi ya kuongea, ni kazi ya kukaa. Hili mlishike. Vua koti jeupe. Zima simu. Usiweke meza katikati yenu. Kaa kwenye kiti kilicho chini kuliko chao. Usiseme "ametutoka" wala "ametangulia", sema amekufa, maana usipolisema wewe watakaa wakingoja urudi na habari nyingine. Peleka maji. Ngoja wayanywe. Halafu ndipo uombe, mara moja, kwa sauti ya kawaida, ukiwa tayari kuambiwa hapana. Nami niliambiwa hapana kwa kila namna. Niliambiwa ninauza figo. Niliambiwa marehemu atafufukaje bila macho. Mama mmoja wa Nateete alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akaniuliza kwa adabu, "Nnyabo, mama yako anajua kazi yako?" Nikasema mama yangu amekufa. "Ana bahati," akasema.

Na wakati huo huo, kila Jumanne, kwenye benchi la kliniki, walikaa watu wawili wakiningoja mimi.

Mmoja ni Kasozi, fundi wa kuchomea vyuma Katwe. Jicho lake la kulia lilikwisha zamani, lilipigwa na kipande cha chuma likatolewa. La kushoto liliungua kwa cheche, akatiwa dawa za majani na shangazi yake, zikamaliza kazi. Alikuwa akiletwa na mkewe, na akisikia viatu vyangu anauliza, akiniita daktari kwa Kiganda chake, "Musawo, habali? Leo iko?" Nikisema leo hakuna, anakubali, "Kale, Jumanne ingine."

Wa pili ni Mama Neema, mkimbizi wa kutoka Bukavu, muuza vitenge. Aliugua macho njiani akikimbia, na makovu yakabaki kwenye macho yote mawili. La kushoto lilikuwa bado linamwonyesha mwanga na vivuli vya watu. Vitenge alivitambua kwa kupapasa, na rangi aliambiwa na bintiye. Yeye hakuuliza kama iko. Alikaa tu, mkoba mapajani, na wakati wa kuondoka anasema, "Mungu iko, Sista."

Niliwaambia kila mmoja kwamba akipatikana mtu mmoja, wanapona wote wawili. Mtu ana macho mawili. Hesabu hiyo ilikuwa rahisi sana kwangu.

Akapatikana Koplo Adriko. Alikuwa polisi, mtu wa kwetu Arua, alikuwa amepanda boda, akagongwa na lori barabara ya Bombo asubuhi, na kufika saa nne alikuwa amekufa. Mkewe, Mama Aisha, nilimkuta kwenye korido ameshika kofia ya mumewe. Nilikaa chini kabisa, sakafuni. Nikasema amekufa. Nikaleta maji. Nilipoomba, aliuliza, "Itaonekana?" Nikamwambia hapana, tunatoa ule utando wa mbele tu, tunaweka kifuniko kidogo cha plastiki, kope zinafungwa, uso unabaki ule ule. Akasema marehemu hakuwahi kumnyima mtu kitu, hata sare yake ya mvua aliwahi kuigawa. Akasaini. Shemeji yake, kaka wa marehemu, akasaini kama shahidi. Wazazi wa koplo walikuwa wamekwisha kufa wote. Fomu ilikuwa kamili.

Mafundi wakafanya kazi, damu ikapimwa ikaonekana salama, na konea mbili zikalala kwenye chupa zao za maji ya rangi ya waridi ndani ya friji. Daktari akapanga upasuaji kesho yake, mchana. Nikampigia Kasozi. Nikampigia Mama Neema. Siku ile nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, na mluzi si tabia yangu.

Kesho yake asubuhi Mama Aisha akapiga simu kutoka kambini. Alikuwa analia hata simwelewi. "Sista, wajomba wamefika. Wamezuia mwili. Wanataka macho."

Nilikaa kitandani nikaona aibu. Maana nilijua. Kwetu, mtu akifa, wajomba zake, kaka za mama yake, ndio wanaokagua mwili kabla haujazikwa. Akiwa hai mtoto ni wa ukoo wa baba. Akifa, wajomba wanakuja kuuliza: mlimfanyaje mtoto wa dada yetu? Wanamgusa kutoka kichwani mpaka miguuni, na wasiporidhika, jeneza halitoki na kaburi linakaa wazi. Nimeona hivyo kambini tangu utoto. Baba yangu mwenyewe wajomba zake walimkagua, Uislamu na haraka zake zikangoja nje. Mgeni kutoka ng'ambo angesahau, angesamehewa. Mimi nilisahau kwa sababu fomu ilikuwa na mstari mmoja.

Nilipita hospitali, nikamweleza daktari. Akauliza tufanyeje. Nikamwambia nipe chupa zote mbili. Akanitazama. "Watu wako tayari wodini, Sista. Hawajala tangu jana." Nikasema najua. Nikaziweka kwenye kisanduku cha barafu, nikaondoka.

Kambini, nyumbani kwa koplo, jeneza lilikuwa sebuleni, limefunguliwa. Wajomba walikuwa watatu, wameshuka kutoka Bwaise wanakoishi. Mkubwa wao, Mzee Candia, alikuwa mwanajeshi mstaafu, mrefu, ameketi wima kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. Nikaona macho yake, nikaelewa. Alikuwa kipofu. Ni ule upofu wa mtoni, wa inzi wadogo weusi, wazee wengi wa kwetu wanao. Hakuna aliyemwambia kitu kuhusu macho ya koplo. Aliyagundua kwa vidole, alipokuwa akikagua, alipopita juu ya kope na kusikia kitu kigumu chini yake.

"Wewe ndiyo ile sista ya macho?"

"Ndiyo, mjomba."

"Usiniite mjomba. Mjomba ni ya huyu amelala hapa. Wewe mtoto ya nani?"

Nikamtajia jina la baba, na kijiji cha mama.

"Kumbe wewe mtu ya kwetu," akasema taratibu. "Basi ulijua."

"Nilijua, mzee."

"Na ukafanya."

"Nilifuata karatasi."

"Karatasi iko na wajomba?"

Nilitazama pembeni. Mama Aisha alikuwa amekaa ukutani, kanga imemfunika uso, na wanawake wa ukoo wa mumewe walikuwa wamemwachia nafasi pande zote mbili, kama mtu mwenye ugonjwa. Hapo ndipo niliona nilichomfanyia. Nilikuwa nimeomba ukarimu wake, halafu nikamwacha peke yake nao. Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikaweka kisanduku miguuni pake.

"Kosa si la huyu mama," nikasema. "Ni langu. Macho ya mtoto wenu nimekuja nayo. Mkisema yarudi, nitayarudisha mimi mwenyewe, sasa hivi, mkono wako ukiwa juu ya wangu."

Akapapasa kisanduku. Akaomba ashike chupa. Nikamwekea moja kiganjani, akaitikisa kidogo sikioni.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

"Hii kitu, ukiweka kwa macho yangu mimi, nitaona?"

Nawaambia ukweli, jibu la uongo lilinijia mdomoni likiwa limeiva. Nikasema, "Naomba nikuangalie. Mkono unatokea kulia." Akaitikia kwa kichwa. Nikawasha tochi. Konea zake zilikuwa na madoa kidogo tu pembeni. Ugonjwa ulikuwa umekula nyuma kabisa, kule ambako hakuna anayeweza kubadilisha.

"Hapana, mzee. Yako imeharibika nyuma. Hii ni ya mbele. Haitakusaidia."

"Watu ya dawa wote wanakuja wanasema itasaidia," akasema. "Kila mwaka itasaidia. Mpaka nimezeeka. Ni ya nani, hii?"

"Majina siruhusiwi. Mmoja ni fundi wa vyuma. Mmoja ni mama anauza vitenge. Wote hawaoni."

Wajomba wakatoka nje. Nilibaki nimepiga magoti, na magoti yangu tangu siku ile hayajawa yale. Waliporudi, Mzee Candia hakuketi.

"Tumekata maneno. Moja inarudi. Moja inabaki."

"Mzee, watu ni wawili."

"Na mtoto yetu ni mmoja. Huko anaenda, mimi sipo ya kumshika mkono. Na mimi najua kushikwa mkono ni nini, sista. Wewe hujui. Aende na jicho moja ya kuona njia."

Nilikuwa na hoja. Semina ilinipa hoja kumi na mbili, nimezihesabu. Sikutoa hata moja. Nikavaa glovu, nikamwambia koplo, kwa sauti, mkono unatokea kushoto. Nikainua kope, nikatoa kifuniko, nikarudisha konea mahali pake, vidole vya mjomba vikiwa juu ya vyangu muda wote, vyepesi. Alipomaliza kupapasa akasema, "Sawa." Jeneza likafungwa. Mwanamke mmoja mzee akaondoka alipokuwa, akaenda kukaa karibu na Mama Aisha.

Kurudi hospitali niliona ni mbali kama Arua. Daktari hakupoteza muda, alisema Kasozi hana jicho la pili, Mama Neema anaona vivuli, kwa hiyo ni Kasozi. Alikuwa sahihi. Akaingia kunawa mikono, akaniachia mimi kumwambia mwingine.

Mama Neema alikuwa kitandani, gauni la upasuaji limefungwa vizuri mgongoni, nywele zimesukwa upya. Nilikaa. Nikasema leo haitawezekana, konea moja imerudi kwa wenyewe.

"Ile yangu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Miye nilishazoea kungoja, Sista. Lakini leo nilishaaga batoto. Nilibaambia, mama akirudi, ataona sura zenu." Kisha akafungua gauni, akalikunja mara nne, pembe kwa pembe, kama anavyokunja kitenge cha mteja, akaniomba viatu vyake. Nikamvalisha. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Nilienda chooni nikalia mpaka mfagiaji akagonga mlango.

Kasozi alifunguliwa bandeji kesho yake. Alipepesa, akanitafuta kwa sauti, akanikazia macho, yaani jicho. "Musawo! Kumbe ni mzee hivi? Nirikuwa nafikili wewe bado musichana." Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka. Furaha ilikuwepo, nisije nikawadanganya. Ila ilikuwa na kiti kitupu pembeni yake.

Tangu siku ile niliandika kwa kalamu nyuma ya kila fomu: wajomba wameulizwa? Wakubwa wa ukoo wameulizwa? Ofisini walinung'unika kwamba naharibu karatasi na napoteza saa, na jicho haliwezi kungoja mikutano. Ni kweli. Tulikosa macho kwa sababu hiyo, zaidi ya mara moja. Lakini hakuna jeneza lililozuiwa tena, na hakuna mjane aliyeachwa ukutani. Mkiona bora kulifuta swali hilo, lifuteni. Mimi sitakuwepo kuona aibu.

Sasa fomu yangu. Binti yangu alisaini siku hiyo hiyo nilipompa. Iliyobaki ilikuwa nyuma, swali langu mwenyewe. Mjomba wangu mmoja tu bado yu hai, anaishi ng'ambo ya mto, kijijini kwa mama. Kwa mwaka mzima nilikuwa na visingizio: basi, magoti, mvua. Uoga ndio ulikuwa chini ya godoro. Niliogopa atasema moja.

Mwezi uliopita nilikwenda. Nilimkuta akichambua ufuta. Nikamweleza yote, ya Koplo Adriko, ya Mzee Candia, ya gauni lililokunjwa. Alicheka kwanza. "Mimi nitakufa kabla yako, halafu unaniomba ruhusa?" Kisha akawaita wanawe wawili wakae wasikie, maana akifa yeye, wao ndio watakaokuja kunikagua. Akauliza lile la Mzee Candia, utaonaje njia? Nikamjibu kwamba sijui, mjomba, sijui kabisa. Akarudia ufuta wake. Nikafikiri amekataa.

"Yule mama wa vitenge," akasema baadaye, bila kuinua kichwa. "Alipata?"

"Bado anangoja. Kila Jumanne."

"Basi andika mbili."

Akaweka kidole gumba. Wanawe wakaweka vyao. Fomu iko kwenye faili, droo ya juu, mkono wa kulia wa friji. Sina haraka ya kufa, na namwombea Mama Neema apate kabla yangu. Lakini mkiletewa mimi, msinyamaze kwa kuwa nimekufa. Niambieni kwanza mkono unatokea upande gani.